Je, wajua kwa nini mbwa hubweka akiwa usingizini?

Msimu wa korosho, nenda kijiji chochote cha Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania. Hutakosa mbwa aliyelala ubavu chini ya mkorosho, na ghafla utamsikia, "mfu! mfu!", mdomo umefungwa. Mashavu yanajaa upepo na kunywea, sharubu zinatetemeka, miguu inakimbia hewani. Mara nyingine hutoa kilio chembamba kama kitoto kilichopotezana na mama yake. Mara chache sana hutoka "uuuu" ndefu ya kumfanya hata anayechambua korosho aangushe ungo.

Jibu lililozoeleka huku Kusini, hasa ikiwa ni usiku, ni kwamba mbwa kaona kitu. Wanga wanapita, au jini limesimama uani. Wapo hata wanaosema ukijipaka tongotongo za mbwa machoni, nawe utayaona anayoyaona yeye. (Usijaribu. Utakachoambulia ni macho mekundu.) Uzuri wa dai hili ni kwamba linapimika kwa tochi tu. Mbwa aliyehisi kitu huinuka, husimamisha masikio na manyoya ya mgongoni, huelekeza pua upande mmoja na kubweka kwa mdomo wazi. Anayebweka usingizini amefumba macho, haelekei popote, na "mfu" yake anaipigia mchanga. Ukimulika vizuri utaona mboni zikihama huku na huko chini ya kope. Hakuna anachokitazama nje.

Hata anayebweka akiwa macho kabisa, sisi tukiona giza tupu, hahitaji jini. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La mbwa huvuka 40,000. Panya wanaogombana kwenye makuti kwake ni kelele tosha.

Turudi kwa aliyelala. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza aina ya usingizi ambamo macho hukimbiakimbia chini ya kope. Kwa binadamu, ndoto nyingi zilizo wazi huja humo. Mbwa anao usingizi huohuo: ubongo unachacharika karibu kama wa aliye macho, ila mwili umezuiwa.

Umezuiwaje? Fikiria bodaboda stendi ya Masasi, gia imeingia, dereva kabana klachi. Akivuta mafuta, injini inanguruma lakini tairi haliendi, kwa kuwa klachi imekata mawasiliano kati yao. Kwenye shina la ubongo, karibu na unapoanzia uti wa mgongo, kuna sehemu yenye kazi kama hiyo: huzizuia neva zinazoendesha misuli. Ubongo unaamuru "kimbia", mguu haupati habari. Sasa, klachi iliyochoka haiachii sawasawa. Ukivuta mafuta kwa nguvu, pikipiki inajirusha kidogo. Ndiyo miguu ya mbwa hiyo. Na sauti? Hata klachi ikibanwa namna gani, ekzosi hainyamazi, maana injini lazima ipumue. Mbwa naye lazima apumue, hivyo kiwambo kinachosukuma mapafu hakizuiwi. Hewa inaendelea kupita kooni, na amri ya kubweka ikipenya hata kidogo, mlio unatoka. Midomo haijafunguka, ndiyo maana tunapata "mfu" badala ya mbweko kamili.

Huko Lyon, Ufaransa, mtafiti wa usingizi Michel Jouvet aliiharibu sehemu hiyo inayozuia misuli kwenye ubongo wa paka. Paka wakainuka wakiwa usingizini na kunyatia windo lisilokuwepo.

Je, mbwa huota nini? Hapa ushahidi unapungua. Mwaka 2001 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, waliona ubongo wa panya aliyelala ukirudia mpangilio uleule uliojitokeza alipokuwa akikimbia njia aliyozoeshwa. Budapest, Hungaria, nako wamepima mawimbi ya ubongo wa mbwa waliolala, na kukuta yanabadilika baada ya mbwa kufundishwa amri mpya. Kutoka hapo hadi kusema Mtajiju wa jirani (huku jina la mbwa ni ujumbe kwa majirani) anaota akifukuza ngedere shambani, ni kuruka mto mpana. Inaelekea kuwa kweli, lakini haijathibitishwa.

Watoto wa mbwa hutikisika zaidi, kwa sababu neva zao bado zinakomaa. Ushuzi unaomshtua mwenyewe hadi akageuka kuunusa mkia wake hauna siri yoyote: muulize aliyempa vichwa vya dagaa.

La kuangalia ni degedege. Mwili hukakamaa wote, mate hutoka, pengine na mkojo, na ukimwita haamki. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo. Kichaa cha mbwa, ambacho Lindi na Mtwara ziliingizwa kwenye mradi mkubwa wa chanjo yake kuanzia 2010, hakitambuliwi kwa kelele za ndotoni. Dalili zake huonekana mbwa akiwa macho: sauti iliyokwaruza, mate, kung'ata bila kuchokozwa.

Ukitaka kumwamsha anayebweka ndotoni, simama mbali umwite jina au umpigie mluzi. Usimguse, kwa kuwa anayezinduka ghafla huweza kung'ata kabla hajakutambua.