Kwa nini sumu ya Owino Uhuru haikuondoka na kiwanda?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kisa cha Owino Uhuru, kule Mikindani, Mombasa, kiliisha mwaka 2014. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi kilikuwa kimefungwa, moshi umekatika, nami nikahesabu kwamba wananchi wameshinda. Wakazi walipoendelea na kesi, nilidhani wanadai fidia ya maumivu yaliyokwisha kupita. Nilikosea, na kosa hili ni la wengi wetu. Tunaichukulia sumu ya kiwanda kama harufu ya jaa: ondoa jaa, upepo utamaliza kilichobaki.

Risasi haimalizwi na upepo. Maziwa huchacha, mzoga huoza, hata dawa nyingi za wadudu huvunjikavunjika zikipigwa jua. Risasi ni elementi, yaani kitu cha msingi kisichovunjika kuwa kitu kingine kidogo zaidi. Vumbi lililotua juu ya bati huteremshwa na mvua hadi uani. Uani ndipo mtoto anapotambaa, anashika chini, anatia vidole mdomoni. Jua likiwaka, nyayo hulirudisha ndani mpaka mkekani. Kazi yote hiyo haihitaji moshi.

Na mwili, badala ya kuikataa, huipokea, kwa sababu risasi hujifanya kalsiamu. Chukulia mfupa ni ghala, na mlinzi wake hutazama gunia kwa nje tu. Gunia la risasi limeshonwa kama la kalsiamu, basi linapita. Mtoto yuko katika kujenga mifupa, lango lake liko wazi zaidi: Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Ikishaingia ghalani hukaa hata miongo. Halafu mwanamke anapata mimba, au ananyonyesha, na mwili unafungua ghala umchotee mtoto kalsiamu. Risasi hutoka nayo. Kwa hiyo mama aliyekula vumbi hilo miaka mingi iliyopita anaweza kumpa mwanawe leo, kwa titi lake, bila kujua.

Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mwanawe mchanga alipougua, alitibiwa malaria na homa ya matumbo kwanza, kisha kipimo cha damu kikaonyesha risasi. Hapa lazima tuwe waangalifu: tumbo kuuma, degedege na upungufu wa damu vina visababishi vingi, na si kila ugonjwa wa mtaani ulitoka kiwandani. Ndiyo sababu damu ikawa nguzo ya harakati zao. Bila kipimo, ni neno la mama dhidi ya neno la mwenye kiwanda. Wakazi waliandamana, Omido akakamatwa mwaka 2012, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Magazeti yalishika zaidi hizo bilioni. Mimi naona uzito uko kwenye amri nyingine ya mwaka 2020 ambayo haikuzungumzwa sana: udongo usafishwe. Zipo dawa hospitalini zinazoshika risasi kwenye damu na kuitoa kwa mkojo, nazo huokoa mtoto aliyezidiwa. Lakini mfupa humwaga tena kidogokidogo ndani ya damu, na mtoto mwenyewe, akiruhusiwa kwenda nyumbani, anashushwa mgongoni na kuwekwa uani palepale.