Kwa nini Akhenaten alijichora na wanawe

Kuna jiwe la chokaa huko Berlin, kimo chake sentimita 30 na ushei tu, ambalo picha yake haiishi kuzunguka mitandaoni. Mfalme Akhenaten na malkia Nefertiti wa Misri ya kale wameketi wakitazamana. Mfalme amempakata binti mkubwa, Meritaten, na yuko karibu kumbusu. Wa pili, Meketaten, amekaa mapajani mwa mama huku akimnyooshea baba kidole. Wa tatu, Ankhesenpaaten, bado mchanga, amepanda hadi begani kwa mama na anachezea nyoka anayening'inia kwenye taji. Chini ya picha watu huandika: huyu ndiye baba, wengine waige!

Mimi kazi yangu ni historia ya mavazi ya kale, na nikiulizwa kuhusu jiwe hili huwa nawaharibia watu raha. Ile si picha ya familia kama tunavyoielewa. Ni kitu cha ibada. Mawe ya aina hiyo yaliwekwa ndani ya nyumba za wakubwa wa mji wa Akhetaten, na mwenye nyumba alisali mbele yake. Hakulisalia jua moja kwa moja. Alimsalia mfalme na mkewe, nao ndio waliolifikia jua.

Ukitaka ushahidi, tazama miale ya jua lililo juu yao. Kila mwale unaishia na kiganja cha mkono, na viganja vilivyoshika alama ya uhai vinaipeleka puani kwa watu wawili tu: Akhenaten na Nefertiti. Kisha tazama viti. Cha mfalme ni kitupu. Cha malkia kina nakshi ya mimea miwili iliyofungwa pamoja, alama ya muungano wa Misri ya Juu na Misri ya Chini, ambayo kwa desturi ni ya kiti cha mfalme mwenyewe. Fundi aliyechonga jiwe hili alijua anachokifanya.

Turudi nyuma kidogo. Baba yake Akhenaten, Amenhotep III, alitawala Misri tajiri kuliko wakati wowote kabla yake, na mungu Amun wa hekalu la Karnak, mjini Thebes, alitajirika pamoja naye. Mke mkuu wa mfalme huyo, Tiye, hakuwa na damu ya kifalme. Wazazi wake, Yuya na Thuya, walikuwa watu wa mji wa Akhmim walioheshimiwa hadi wakazikwa Bonde la Wafalme. Mwana wa Amenhotep III na Tiye alipanda kitini yapata mwaka 1353 KK kwa jina la Amenhotep IV. Kufikia mwaka wa 5 wa utawala wake alikuwa amejibadili jina kuwa Akhenaten na ameanza kujenga mji mpya jangwani, ndio huo Akhetaten, mahali ambapo, kwa maneno aliyochongesha kwenye mipaka yake, hapakuwa pa mungu wala mungu mke yeyote. Baadaye aliwatuma watu na patasi wafute jina la Amun kila lilipoandikwa, hata ndani ya jina la baba yake mzazi. Mahali pengine hata neno "miungu" lilikwanguliwa, kwa kuwa liko katika wingi.

Wengi wanaosimulia mageuzi haya huishia hapo: mungu mmoja, wengine nje. Mimi naona habari yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Miungu ya Misri iliishi kifamilia. Osiris alikuwa na Isis na mtoto wao Horus. Amun wa Thebes alikuwa na Mut na Khonsu. Mwanamke aliyetaka mtoto, au mgonjwa aliyetaka kupona, alijua mama yupi wa mbinguni wa kumwendea. Aten, mungu huyo mmoja wa Akhenaten, hana mke, hana mtoto, hana sanamu yenye sura, hana hata kisa cha kusimulia watoto jioni. Ni duara la jua na mikono. Nafasi ile ya baba, mama na mtoto ilibaki wazi, na waliokuja kuijaza ni watu wa ikulu. Ndiyo sababu wanachorwa wakibusiana, wakila, wakipanda gari la farasi pamoja. Mambo yaliyokuwa ya miungu yakawa ya nyumba moja yenye anwani.

Mavazi yanalisema hili kwa sauti kubwa kuliko maandishi. Kwenye sanamu kubwa za Karnak za mwanzo wa utawala wake, Akhenaten amevaa manyoya manne kichwani, pambo la Shu, mungu wa hewa, mwana wa muumba. Dada pacha wa Shu, ambaye pia ni mkewe, ni Tefnut, na wataalamu wengi huihusisha taji ya Nefertiti naye. Taji hiyo mnaijua: ya buluu, ndefu, bapa juu, ileile ya sanamu ya kichwa iliyofukuliwa Desemba 1912 na timu ya Ludwig Borchardt katika karakana ya mchongaji Thutmose. Hakuna malkia aliyekuwa na taji hiyo kama vazi lake kabla ya Nefertiti, wala hakuna aliyeirithi. Taji za malkia wengine wa Misri zilipita toka kichwa hadi kichwa kwa karne nyingi. Hii ilikuja na mtu mmoja na ikaondoka naye.

Nguo zenyewe ni za kitani, nyembamba kiasi cha kuonyesha mwili, zenye marinda madogomadogo, zimefungwa kwa mshipi wa rangi ambao ncha zake zinaning'inia mbele. Kinachonishangaza ni jinsi mume na mke wanavyokaribia kufanana: kiuno kilekile, tumbo lilelile, mapaja yaleyale, mishipi ileile. Pasipo taji na jina, kuna mawe ambayo hata sisi tunabishana ni nani huyu. Mabinti nao huchorwa uchi au na kigauni chepesi, kichwa kimerefushwa kwa nyuma, wengi wakiwa na kishungi cha nywele upande mmoja, alama ya utoto.

Kuna mke mwingine, Kiya, anayetajwa kwa cheo chake cha "mke mpendwa sana", si mke mkuu. Yeye tunamtambua kwa wigi fupi la Kinubi lenye misokoto iliyopangwa ngazi kwa ngazi, na hereni kubwa za duara. Majengo yake yalibadilishwa kuwa ya Meritaten, na mawe hayo, ambayo wafalme wa baadaye waliyavusha mto kwenda kujengea Hermopolis, bado yana alama za kazi hiyo. Patasi imepunguza wigi la Kiya, ikachonga ndani yake fuvu refu la binti mfalme na kishungi chake, kisha plasta ikafunika mabaki. Leo plasta imedondoka, na unaona wanawake wawili katika kichwa kimoja. Sijui mchongo mwingine wa kale unaoonyesha siasa za ndoa za wake wengi waziwazi hivyo.

Wageni hawakuvutiwa sana na ibada ya jua kali. Katika barua za udongo zilizopatikana Akhetaten mwaka 1887, Ashur-uballit wa Ashuru analalamika kwamba wajumbe wake wanasimamishwa juani hadi kufa. Kama mfalme anapata faida kusimama juani, anasema, basi asimame yeye. Na watu wa kawaida? Katika kijiji cha mafundi pembeni mwa mji huohuo zimepatikana hirizi za Bes na Taweret, walinzi wa uzazi, kana kwamba hakuna tangazo lililotoka ikulu. Mifupa ya makaburi ya wasio na cheo inaonyesha lishe duni, migongo iliyochoka kwa mizigo, na vijana wengi mno.

Dini iliyokaa juu ya familia moja ilitegemea afya ya familia hiyo. Meketaten alikufa. Kwenye kaburi la kifalme la Akhetaten wazazi wamechorwa wakilia, mfalme amemshika mkewe mkono, na ni vigumu kuisoma picha hiyo kama ibada tupu. Hapo hata mimi nalegeza msimamo. Nefertiti alikuwa hai bado na ni mke mkuu katika mwaka wa 16, maana maandishi ya machimbo ya mawe ya Dayr Abu Hinnis yanamtaja. Akhenaten mwenyewe alitawala miaka 17 hivi. Zikafuata tawala fupi za kutatanisha, kisha kijana Tutankhaten, ambaye vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa mwaka 2010 vilionyesha wazazi wake kuwa ndugu wa baba na mama mmoja.

Kijana huyo akawa Tutankhamun, na mkewe Ankhesenpaaten, yule mchanga wa begani, akawa Ankhesenamun. Kiti chake cha dhahabu kina majina ya zamani na mapya pamoja, na mgongoni jua la Aten bado linanyoosha mikono. Bamba lake la mawe linasema mahekalu yalikuwa magofu na miungu iliipa nchi kisogo. Alipokufa akiwa na miaka 19 hivi, kaburini mwake mliwekwa shehena ya nguo za kitani, nyingine za kimo cha mtoto, na viatu vyenye wafungwa waliochorwa kwenye soli ili kila hatua awakanyage maadui. Mliwekwa pia vijijeneza viwili vya mabinti wasiowahi kuishi.

Kumbukumbu za Wahiti zinamtaja malkia mjane wa Misri, ambaye wengi tunamwona kuwa Ankhesenamun, akimwandikia mfalme wao Suppiluliuma: sina mtoto, nipe mwanao anioe, mtumishi wangu siolewi naye. Babu yake Amenhotep III alikuwa amemjibu mfalme wa Babeli kwamba binti wa Misri haolewi nje, tangu zamani. Mbabeli hakukata tamaa: basi nitumie mwanamke yeyote mzuri, nani atajua si binti yako? Sasa mjukuu anaomba mume kwa barua. Mwana wa Mhiti, Zannanza, alitumwa na hakurudi hai.

Kiti kikaenda kwa Ay, mzee wa ikulu, kisha kwa jemadari Horemheb, ambaye naye hakuacha mrithi wa damu. Alimchagua mwanajeshi mwenzake, Ramesses I, aliyekuwa tayari na mwana mtu mzima. Mwana huyo, Seti I, alipochonga orodha ya mababu huko Abydos, alitoka kwa Amenhotep III moja kwa moja hadi kwa Horemheb.