Kinga ya sigara shuleni: waacheni wanafunzi wachague wenye ushawishi

Mzazi akigundua mwanawe anavuta sigara, lawama ya kwanza huwaangukia marafiki. Hiyo ni nusu tu ya ukweli. Kijana huiga marafiki zake, lakini pia aliyekwisha kuonja sigara huwatafuta wanaovuta. Ukimtenganisha na rafiki mmoja, atampata mwingine wa namna ile ile. Kinachosaidia zaidi ni kubadili mazungumzo ndani ya kundi lake.

Mpango wa ASSIST, uliojaribiwa katika shule 59 za England na Wales kwa wanafunzi wa miaka 12 hadi 13, ulifanya hivyo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Kila mwanafunzi alijaza dodoso kwa siri: unamheshimu nani, nani ni kiongozi mzuri katika michezo au shughuli za kundi, nani unatamani kuwa kama yeye? Asilimia 17.5 waliotajwa zaidi waliitwa. Katika wanafunzi 200, hao ni 35. Walipata mafunzo ya siku 2 nje ya shule, kisha kwa wiki 10 wakazungumza na wenzao kuhusu kutovuta sigara, kawaida tu, njiani au wakati wa chakula, na kuandika mazungumzo hayo kwenye daftari. Wakufunzi waliwatembelea mara kwa mara.

Katika miaka 2 ya ufuatiliaji, uvutaji wa kila wiki ulikuwa mdogo kuliko katika shule zisizo na mpango huo, ingawa tofauti ilififia kadiri muda ulivyopita. Kwa hiyo kila kundi jipya la wanafunzi lifanyiwe mpango huo upya.

Mpango wa aina hii huharibika mwalimu anapochagua. Atawachagua viranja na wanafunzi watulivu, nao wenzao wakawaona ni masikio ya mwalimu. Orodha ya kweli itakuwa na watundu, hata wavutaji. Msiwafute, mvutaji aliye tayari kujaribu kuacha husikilizwa na wale ambao kiranja hawafikii.

Kosa jingine, tena la hatari, ni kuwakusanya wakorofi peke yao "wapewe nasaha". Mtafiti Thomas Dishion na wenzake, nchini Marekani, walionyesha mwaka 1999 kwamba vikundi vya namna hiyo vinaweza kuongeza uvutaji na ukorofi. Mmoja husimulia uhalifu wake, wengine hucheka, na kicheko hicho ndicho zawadi yake. Wanaohitaji msaada wa ziada waonwe mmoja mmoja, au wachanganywe na wenzao wasio na tatizo hilo.