Haisi ya Petroli: Yanayosemwa Kijiweni na Yaliyomo Kwenye Injini

Toyota HiAce ya kizazi cha H200, iliyoingia sokoni Japan mwezi Agosti 2004, ni gari ambalo abiria wa Afrika Mashariki hulipanda kila siku bila kulitazama. Ni kipanya cha Dar es Salaam, ni taksi ya Kampala, na ni matatu ya viti 14 ya Nairobi ambayo wengi bado huiita "nissan" hata kama nembo iliyo mbele ni ya Toyota. Wanaolinunua ndio wanaolitazama, na swali lao la kwanza huwa ni moja: dizeli au petroli? Wakijibiwa kuwa ni la petroli, wengi hukunja uso. Mimi nimekaa na la petroli, lenye injini ya lita 2.7 na gia tano za mkono, kwa muda wa kutosha kuzisikia hukumu zote zinazotolewa juu yake, na nimeona kwamba sehemu kubwa ya hukumu hizo zina chanzo kimoja: injini ya petroli inaendeshwa kidizeli, halafu lawama anabebeshwa aliyeliunda gari.

Dhana: Petroli haina nguvu ya kubeba abiria

Hii ndiyo kauli inayorudiwa kuliko zote, na takwimu za kiwandani haziiungi mkono. Injini ya 2TR-FE, yenye ujazo wa lita 2.7, katika matoleo yake ya awali hutoa kilowati 111 inapofika mizunguko 4,800 kwa dakika. Msokoto wake, yaani ile nguvu ya kuzungusha ambayo ndiyo hasa inayokokota mzigo, hufikia kilele cha nyutoni-mita 241 kwenye mizunguko 3,800. Dizeli ya 1KD-FTV ya lita 3.0, ambayo ina taabo (turbo, yaani kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini), hutoa kilowati 100, kwa hiyo kwa kipimo cha nguvu peke yake petroli ndiyo iliyo mbele. Tofauti iko mahali nguvu hiyo inapopatikana: dizeli hiyo ina nyutoni-mita 300 tangu mizunguko 1,200, wakati ambapo petroli kwenye mizunguko hiyo ndiyo kwanza inaamka.

Niliyaelewa haya barabarani kabla ya kuyaelewa kwenye karatasi. Tulikuwa tunapanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, barabara ya milimani mkoani Tanga, gari limejaa watu na magunia, na aliyeshika usukani alikuwa dereva mzoefu aliyekulia kwenye dizeli. Kila kona alitoka nayo kwa gia ya nne, mshale wa mizunguko ukiwa chini ya 2,000, mguu wake ukiwa umezamisha pedeli ya mafuta hadi mwisho, na gari likitetemeka na kunguruma bila kuongeza mwendo. Akageuka akasema, "Kaka, gari lako limechoka." Nilimwomba arudi gia ya tatu kabla ya kona na si baada yake, na kona ikiwa kali arudi ya pili, na asiuogope mlio. Mshale ulipopanda hadi 3,500 gari likatulia, likaanza kuvuta, na pedeli yenyewe akajikuta ameilegeza. Gari halikuwa limechoka, ila lilikuwa linaombwa nguvu mahali ambapo halikuiweka.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo wanaolalamikia petroli mlimani wana haki nalo, ingawa kwa kawaida si hilo wanalolitaja. Injini isiyo na taabo huvuta hewa kama ilivyo, na hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda, hivyo kwa kukadiria tu injini kama hiyo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi, na Lushoto kwenye 1,400 hivi. Gari lililokuwa jepesi Tanga mjini haliwezi kuwa lilelile huko juu. Taabo ya dizeli huisukuma hewa ndani kwa nguvu na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa hiyo mtu wa Mombasa, pwani, na mtu wa Limuru, milimani, wanaweza kubishana mchana kutwa kuhusu injini ileile, na wote wawili wakawa wanasema walichokiona kwa macho yao.

Dhana: Injini ya lita 2.0 hula kidogo kuliko ya lita 2.7

Wanunuzi wengi hudhani kwamba lita 2.0 iliwekwa kwenye gari hili kwa ajili ya kubana matumizi, lakini sababu kubwa iko kwenye sheria za usajili za Japan. Huko gari la mizigo huhesabiwa kuwa dogo, na kutozwa kwa kiwango cha magari madogo, ikiwa urefu wake hauzidi mita 4.70, upana mita 1.70 na kimo mita 2.00, na kama linatumia petroli basi ujazo wa injini usizidi sentimita za ujazo 2,000. Dizeli haibanwi na sharti hilo la ujazo. Chukua futi kamba upime HiAce ya kawaida utayaona masharti hayo yamechorwa kwenye bati: urefu milimita 4,695, upana 1,695, kimo 1,980. Injini ya 1TR-FE, yaani hiyo ya lita 2.0, nayo ina sentimita za ujazo 1,998. Ni gari lililoshonwa kwa kipimo cha kanuni, likikusudiwa fundi wa Osaka anayebeba vifaa vyake na kurudi nyumbani jioni.

Ukiliweka viti 14 na kulijaza, dereva na abiria 13 wenye wastani wa kilo 70 wanafika kilo 980 kabla hujapakia begi hata moja. Msokoto wa 1TR-FE ni nyutoni-mita 182 na hupatikana kwenye mizunguko 4,000, kwa hiyo injini hiyo hufanya kazi muda mwingi ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, na katika hali hiyo kompyuta huiongezea petroli kuliko kipimo cha kawaida. Gari likiwa tupu, au likizunguka mjini na watu wanne, lita 2.0 kweli huokoa mafuta. Likijaa kwenye safari ya mikoani, faida hiyo husinyaa sana na wakati mwingine huisha kabisa. Anayetaka kujua la kwake, ajaze tangi mpaka pampu ikate, aandike kilomita, afanye kazi yake ya kawaida ya siku mbili tatu, kisha ajaze tena kwenye pampu ileile na agawanye kilomita kwa lita. Mshale wa tangi si mizani.

Dhana: HiAce ni HiAce, mradi ina viti

Hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Namba ya modeli iliyoandikwa kwenye kibati cha gari husema mengi kwa anayejua kuisoma: TRH ni injini ya petroli ya jamii ya TR, KDH ni dizeli ya jamii ya KD, na herufi ya mwisho hutaja kazi ambayo gari liliundiwa. TRH200V ni gari la mizigo. TRH214W ni la familia, lenye viti 10 kutoka kiwandani. TRH223B ni basi dogo, lile liitwalo Commuter, lenye viti 14, na yote mawili haya ya abiria hutumia lita 2.7. Magari mengi yanayobeba watu kwetu yalizaliwa na herufi V, yakafungiwa viti baadaye, na uimara wa viti hivyo hutegemea kabisa mikono ya aliyevifunga. Inama uangalie chini: kama boliti zimeshika bati tupu la sakafu bila kipande cha chuma cha kusambaza nguvu, basi siku ya breki ya ghafla kiti na mkanda wake vitaondoka pamoja na abiria.

Asili hiyo ya mizigo ndiyo inayoeleza pia kwa nini gari likiwa tupu huruka nyuma kama mbuzi. Mbele kuna springi za msokoto na magurudumu yanayojitegemea, nyuma kuna ekseli moja nzima iliyolazwa juu ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, na vyuma hivyo vinasubiri mzigo. Nimewahi kubadilishiwa shokapu zilizokuwa nzima kwa sababu fundi aliliendesha gari likiwa tupu akasema zimekufa. Wangepanda watu sita nyuma, ugonjwa ungepona bila spana.

Dereva anayetoka kwenye gari dogo huhitaji pia kuzoea mahali anapokaa. Injini iko chini ya viti vya mbele na magurudumu ya mbele yako chini ya kiti chake, kwa hiyo kwenye kona yeye hutangulia kuvuka mstari kabla matairi hayajageuka, na akikata usukani mapema kama alivyozoea, tairi la nyuma hupanda ukingo wa barabara. Mvua ikinyesha, gari likiwa tupu, ekseli ya nyuma inayosukuma gari haina uzito wa kuishikilia, na kwenye tope huteleza mapema kuliko mtu anavyotazamia.

Dhana: Spidomita imeandikwa 180, basi gari ni la 180

Tazama ubavu wa tairi la kiwandani. Saizi yake ni 195/80R15, na mbele yake pameandikwa 107/105L. Namba 107 ina maana kwamba tairi moja linabeba hadi kilo 975, na herufi L ina maana kwamba mwendo wake wa juu kabisa ni kilomita 120 kwa saa. Hiyo ndiyo spidi ya gari hili, haijalishi mshale unaweza kufika wapi, na kwa gari la abiria nchini Kenya kidhibiti mwendo kimewekwa kwenye 80 tangu kanuni za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004. Lililo baya zaidi ni kufunga matairi ya gari dogo kwa sababu ni laini na bei yake ni nafuu. Yanaingia kwenye ringi vizuri tu, lakini hayakuundwa kwa uzito huo, na joto la safari ndefu ndilo linalokuja kuyapasua.

Dhana: Cheni ya taiming haina matunzo

Ni kweli kwamba injini za TR hutumia cheni kupanga mwendo wa vali, wakati dizeli ya 1KD-FTV hutumia mkanda unaotakiwa kubadilishwa kwa kilomita maalumu. Lakini cheni hulainishwa na oili ileile ya injini, na kikaza chake husukumwa na presha ya oili hiyo. Ukichelewesha kumwaga oili, cheni hulegea, na dalili yake ni mkwaruzo unaosikika asubuhi injini ikiwa ya baridi.

Dhana: Petroli ya bei ya juu huongeza nguvu

Haiongezi. Mgandamizo wa 2TR-FE ya awali, yaani kiasi inavyoibana hewa na petroli kabla ya kuwasha, ni 9.6 kwa 1, ambao si mkubwa, na injini hiyo iliundwa kwa petroli ya kawaida.

Dhana: Mteremkoni, weka gia huru uokoe mafuta

Kwenye magari ya kabureta ya zamani hoja hii ilikuwa na mantiki kidogo. Kwenye injini hii ni kinyume: ukishuka ukiwa kwenye gia na mguu ukiwa umetoka kwenye pedeli, kompyuta hufunga kabisa nozeli za petroli, na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, lakini ukiweka gia huru, injini inalazimika kunywa petroli ili isizimike. Na mteremkoni ndipo petroli inapolipa fadhila, kwa sababu mlango wake wa hewa ukijifunga injini huhangaika kuvuta pumzi, na kuhangaika huko hulishika gari. Tuliporudi kutoka Lushoto dereva yuleyule alishuka kwa gia ya pili kwenye kona kali na ya tatu penye unafuu, akigusa breki kwa kifupi tu. Tulipofika Mombo nilisogeza kiganja karibu na ringi ya mbele. Ilikuwa na joto, lakini ile harufu ya pedi zinazoungua, ambayo mtu huizoea kwenye barabara hiyo, haikuwepo.