Harusi ya ugenini: kinachosafiri na kinachobaki nyumbani

Ndoa na harusi ni vitu viwili. Ndoa, neno lililotokana na kuoa, ni fungamano lenyewe: walii, mashahidi na mahari kwa Waislamu, viapo mbele ya padri au mchungaji kwa Wakristo, sahihi mbele ya msajili kwa wanaofunga kiserikali. Harusi ni shangwe yake: vigelegele, biriani, taarabu mpaka usiku. Ukiishika tofauti hiyo, harusi ya ugenini haitakusumbua. Ni harusi inayofanyiwa mahali pasipo kwao bwana harusi wala kwao bibi harusi, hata wenye shughuli nao ni wasafiri na wanalala chumba cha kukodi. Kijana wa Tanga anayemfuata mchumba wake Bukoba hajafanya harusi ya ugenini, kwa sababu upande mmoja uko nyumbani. Wachumba wa Nairobi wanaowaita jamaa zao ufukwe wa Kendwa, kaskazini mwa Unguja, hao ndio wamefanya.

Mara nyingi kinachosafiri ni harusi tu. Wageni wengi wa Ulaya unaowaona wakishikana mikono mchangani wameshatia sahihi kwao, au watatia wakirudi, na pale mbele ya bahari wanasomeana ahadi. Hakuna kosa hapo, mradi wenyewe wanajua. Anayetaka ndoa ifungwe Zanzibar kisheria ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake na usajili wake, na Waislamu wana kadhi. Utaratibu uliosimuliwa na jamaa aliyeoa Arusha usiupakie kwenye boti ukaja nao. Anza kuuliza miezi kadhaa mapema, mkononi ukiwa na pasipoti, vyeti vya kuzaliwa na uthibitisho kwamba hakuna ndoa nyingine. Aliyeachika aongeze hati ya talaka, mjane cheti cha kifo.

Kwa Waislamu jambo hili ni jepesi kuliko linavyodhaniwa. Wazanzibari wenyewe aghalabu huozesha msikitini, bibi harusi akiwa nyumbani na walii wake ndiye anayemwozesha. Kwa hiyo nikahi iliyosomwa Mombasa, alipo baba mzazi, imetimia, na Unguja watu wanakwenda kusherehekea. Wakatoliki kwa kawaida hufungia ndoa kanisani, basi huanzia kanisa la Minara Miwili pale Shangani, kwa kibali kutoka parokia yao, kisha ndipo waende pwani.

Halafu kuna pesa. Kwa mazoea ya Tanzania, harusi ina kamati, kamati ina vikao, na kila mwalikwa ana mchango wake. Harusi ya ugenini inaupindua mzigo huo. Mwalikwa analipa nauli ya boti kutoka Dar es Salaam, chumba cha siku mbili tatu na gari la kumfikisha shamba, yaani nje ya mji; jamaa anayetoka Ulaya au Marekani ana pia bima ya lazima ya Zanzibar, ambayo tangu Oktoba 2024 ni dola 44 kwa mtu mzima. Kumwomba mtu huyo mchango tena naona ni kumwonea. Ndiyo maana orodha ya waalikwa husinyaa kutoka mia tatu au mia nne hadi arobaini, na wengine hununa.

Ila si wote wasiofika walionuna. Bibi mwenye magoti mabovu hapandi boti ya saa mbili akashuka na kupanda gari tena. Kumfunda mwari, kumsinga, kumpaka hina, yote hayo ni mambo ya ndani, ya somo anayemfunda na shangazi, nayo hayahamishiki hotelini yakabaki na ladha yake. Familia zenye busara huyafanya nyumbani kwanza, bibi akiwa amekaa mkekani na kuona kila kitu, ndipo vijana wavuke.

Na wakivuka wanakutana na bahari, ambayo haina kamati. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Unguja hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Paje au Jambiani, pwani ya mashariki, aliyepanga sherehe asubuhi ya bamvua hukuta bahari imerudi hadi kwenye mwamba, mstari mweupe tu kwa mbali, na mbele ya viti vyake kinamama waliojifunga kanga wameinama kwenye vigingi, wakifunga mwani kambani. Mimi naiona ni picha nzuri, ila aliyeahidiwa mawimbi miguuni atalia. Jioni ya siku hiyo hiyo maji yanaweza kufika pale pale vilipopangwa viti. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, yanapopwa na kujaa kidogo tu, saa zimegeuka. Kendwa na Nungwi maji hayaendi mbali hivyo, na jua huzama baharini, saa kumi na mbili na ushei. Mashariki linazama nyuma ya minazi. Dakika hiyo hiyo huadhiniwa magharibi, na muziki unapaswa kuzimwa. Mpiga picha na mshereheshaji waambiwe mapema.

Masika, Machi hadi Mei, vyumba hushuka bei kwa sababu ya mvua. Kusi likivuma, katikati ya mwaka, shela hairuki vizuri pwani ya mashariki: inamfunika bibi harusi uso.

Nilipomtajia mvuvi mmoja wa Jambiani tarehe ya harusi ya mpwa wangu, alihesabu vidole kimya, kisha akaniuliza siku hiyo mwezi utakuwa wa ngapi. Tulisogeza shughuli siku tano mbele.