Mkanda Wako Haugongwi Muhuri Tokyo

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mzazi aliyekanyaga tatami, mkeka wetu wa judo, na viatu vyake: "Kocha, mkanda mweusi wa mwanangu Japani wameshaupitisha?" Nilianza na viatu. Kisha nikaeleza kile nilichochoka kukieleza.

Zenjuren, yaani Shirikisho la Judo la Japani, liliundwa 1949 na mamlaka yake yanaishia Japani. Kanuni za mashindano ya dunia hutungwa na IJF, Shirikisho la Kimataifa la Judo. Dan yako, yaani daraja la mkanda mweusi, hutolewa na shirikisho la nchi yako. Kodokan, dojo (ukumbi wa mazoezi) alilolianzisha Jigoro Kano, mwasisi wa judo, mwaka 1882, nalo hutoa dan zake. Ukiitaka, iombe, usipokuwa nayo, mkanda wako hauwi wa bandia.

Swali lenyewe haliniudhi sana. Kinachonipandisha damu ni lile jibu la "Kodokan, Zenjuren, IJF, si wote Wajapani tu?" Hapana! IJF ilizaliwa 1951 na Japani haikuwemo kati ya waanzilishi. Ilijiunga mwaka uliofuata. Nakubali, mkanganyiko una chanzo. Risei Kano, mwana wa Jigoro, aliongoza Kodokan, Zenjuren na IJF kwa wakati mmoja, 1952 hadi 1965. Kofia tatu, kichwa kimoja. Hata IJF ilipotoka mikononi mwake, Kodokan na Zenjuren ziliendelea kuwa na rais mmoja mpaka 2013. Kwa hiyo wazee waliofundishwa zamani wana udhuru. Wewe mwenye simu mkononi huna.

Tena, kama Japani ndiyo inayoamuru, hii judogi, vazi letu la judo, ya bluu imetoka wapi? Wajapani waliipinga miaka nenda rudi, na 1997 IJF ikaipitisha. Mwaka 2007 Yasuhiro Yamashita, bingwa wa Olimpiki wa 1984, mtu aliyepigana mapambano 203 bila kushindwa, alitetea kiti chake cha ukurugenzi ndani ya IJF akaangushwa na Mohamed Meridja wa Algeria. Ippon safi, ule ushindi wa papo hapo, ila kwa kura.

Zenjuren nje ya Japani haina amri, ina ukarimu. Hutuma judogi zilizotumika, hutuma makocha. Mpango wa serikali ya Japani wa wafanyakazi wa kujitolea, ulioanza 1965, nao umesambaza walimu wa judo nchi nyingi. Ninayo judogi moja ya msaada: ukosi wa kushoto umelika pale mpinzani anaposhika kwa mkono wa kulia, na kwenye pindo la ndani kuna jina la mwanafunzi kwa kanji, maandishi ya Kijapani, wino umefifia. Kwenye mashindano ya IJF hairuhusiwi, haina lebo yao. Mazoezini inazishinda mpya nyingi.

Ila kuhusu walimu nina shaka zangu. Mtu anakuja, anakaa miaka miwili, anaondoka, nasi tunabaki kuiga umbo bila kujua sababu. Uchi mata yangu, ule mtupo wa kumwinua mpinzani kwa paja, niliitoa kwa mmoja wao: mguu wa kusimamia nauweka mbali, kama yeye. Nimeifundisha hivyo miaka mingi. Alipopita kututembelea aliniangalia, akacheka, akavuta suruali kunionyesha kovu gotini. Alikuwa anauweka mbali kwa sababu ya maumivu.

Wanafunzi wangu wawili bado wanaipiga hivyohivyo, na magoti yao ni mazima.