Maswali na majibu: unga wa pembe changa za kulungu na namba za antioksidanti

Pembe changa ni nini hasa?
Ni pembe ya kulungu (kwa Kiingereza, deer) iliyokatwa kabla haijakomaa kuwa mfupa mgumu. Bado ni gegedu, imejaa mishipa ya damu, na ngozi yake ina vinyweleo laini kama mahameli. Tiba ya Kichina imeitumia kwa karne nyingi. Leo New Zealand ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa, na wateja wake wakuu ni China na Korea Kusini.

Kopo la unga wake limeandikwa "antioksidanti nyingi". Walipimaje?
Mara nyingi kwa DPPH, kemikali ya rangi ya zambarau. Dondoo la pembe likichanganywa nayo, rangi hufifia kuelekea manjano. Ikififia sana, dondoo limezima radikali huru nyingi, yaani molekuli zinazoweza kuharibu seli; kuzizima ndiyo kazi ya antioksidanti. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na peptidi (vipande vya protini) na asidi amino, ndiyo maana protini ya pembe ikivunjwavunjwa kwa vimeng'enya matokeo huwa yanapanda. Kipimo chenyewe hakina kosa, ila kinaishia kwenye chupa ya maabara. Ukimeza unga huo, tumbo na utumbo huzivunja tena protini zake, na kinachofika kwenye damu ni kitu kingine.

Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake la ORAC, kipimo cha aina hiyohiyo, kwa kuwa namba zake zilitumika kunadi bidhaa ilhali hazionyeshi faida kwa afya ya binadamu.

Si afadhali kuzidisha antioksidanti kuliko kuzikosa?
Hapana. Katika utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 1994, wavutaji sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini, ambayo nayo ni antioksidanti, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao wasiopewa.

Basi ubora hupimwa kwa vigezo gani?
Kwanza, ni mnyama gani? DNA hujibu hilo. Pili, ni sehemu ipi ya pembe: ncha ina protini na mafuta zaidi, shina lina kalsiamu zaidi. Hapo ndipo kipimo cha majivu kinaposaidia. Sampuli huchomwa, na majivu yakiwa mengi, pembe ilikatwa imekwisha kuwa ngumu au imetoka shinani. Kisha huja unyevu, bakteria na metali nzito. Kipande kizima mtaalamu atakisoma kwa macho. Unga hausomeki, na mimi nisingeununua bila cheti cha maabara cha shehena husika.

Inatibu chochote?
Mapitio ya majaribio ya kitabibu yaliyochapishwa New Zealand mwaka 2012 yalikuta madai mengi hayana ushahidi wa kutosha.

Nani ajihadhari?
Wanamichezo, kwanza. Pembe changa zinaweza kuwa na IGF-1, homoni iliyopigwa marufuku michezoni na WADA, shirika la kimataifa la kupambana na dawa haramu michezoni. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye saratani wamuulize daktari kabla ya kugusa kopo. Halafu kuna prioni, protini zenye umbo lililoharibika zinazoambukiza magonjwa ya ubongo: mwaka 2009 watafiti walizikuta kwenye pembe changa za elki (kulungu wakubwa) wa Amerika Kaskazini waliougua ugonjwa sugu wa kudhoofika. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuambukizwa, lakini kupika hakuziui, kwa hiyo ulizia shamba alikotoka mnyama.